Kichupa cha Majaribio

Mwatabu alikuwa amekuja hospitali kuaga; hakutaka tena matibabu. Dripu sita za dawa ya saratani zilimmaliza nguvu na hamu ya kula, na uvimbe kwenye ini ulikuwa palepale. Dakta Shemhilu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mezani kichupa cha dawa.

"Hii ndiyo kwanza tunaijaribu, mama. Ndani mna vipande vidogo mno vya protini. Vinajikusanya vyenyewe, vinaifumbata dawa, halafu vinakwenda kuifungulia kwenye uvimbe. Mwili uliobaki upumzike."

"Vyenyewe? Nani kavifundisha, mwanangu?"

"Ndivyo tulivyovitengeneza."

"Nitapona?"

Daktari alivua miwani. "Sijui, mama. Sitaki kukudanganya."

Tangu augue, watu wote walikuwa wakimwambia atapona, na kuwaitikia kulimchosha kuliko ugonjwa. Alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona kitu, maji tu.

Akakirudisha mezani, akakunja mkono wa gauni taratibu.

"Mshipa wa kushoto umekufa," alisema. "Tafuta huku."

Sindano ilipoingia hakufumba macho. Juu yake, kwenye dripu iliyotiwa dawa ya kichupa kile, tone la kwanza lilikuwa likivimba kwenye ncha ya mrija, bado halijadondoka.