Skuta Haiwaki Kwa Mumewe

Siku hizi, kwa sheria, kila skuta ya umeme hufungwa kihisi ili isiwake mikononi mwa mtu mwenye hofu. Mwanangu Devota ameijia pikipiki yangu kuukuu ya petroli, anataka tubadilishane.

“Yako ina nguvu mlimani, mama.”

“Mlima gani, hapa Ifakara? Petroli ghali, kelele, moshi. Yako unachaji jikoni, basi. Ina kasoro gani?”

“Asubuhi inagoma.”

“Leo umekujaje?”

“Nimeisukuma mpaka barabara kuu, ndipo ikawaka.”

Nikamwambia aikalie, aiwashe. Ikawaka mara moja, uani kwangu. Kisha simu yake ikaita: Leopold, mumewe. Taa ya skuta ikazimika kabla hajapokea.

“Betri hiyo, mama,” alisema, bila kunitazama. “Nipe tu ufunguo wa pikipiki yako.”