Faili Kubwa Kuliko Yote

Kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe iligoma kupokea picha za mishono: diski imejaa. Fundi cherehani akafungua programu ya mafaili, akayapanga kwa ukubwa, kama mumewe alivyomfundisha.

Juu kabisa likatokea faili la sauti: USHAHIDI. Alilirekodi fundi mwenyewe usiku mmoja, mumewe akiwa usingizini, enzi za ubishi wao wa kitandani.

"Mimi sikoromi, mama watoto! Huyo ni paka," mumewe alikuwa akibisha.

"Paka gani? Tuna paka sisi?"

Akabonyeza kufuta. Programu ikauliza: una uhakika?

Akabonyeza hapana, akalifungua. Mkoromo ukajaa chumba, mzito, kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Akaiweka spika ya kompyuta kwenye mto wa upande wa ukutani, alikokuwa akilala mumewe, akajilaza pembeni.

"Geuka basi, baba watoto," akasema. "Nitalalaje?"