Kilio Juu ya Kifusi

Hapo kale pimbi walikuwa hodari wa kulia. Msiba wao ulisikika mabonde matatu. Siku moja ardhi ilitetemeka, pango lao likaporomoka na kumfukia Bi Tunu, mkunga wao. Wengine wote walikuwa nje wakiota jua. Wakaketi juu ya kifusi, wakaanza kuomboleza.

Fuko akachomoza kutoka ardhini. "Jamani, nyamazeni kidogo. Nasikia kitu huku chini."

"Una roho gani wewe?" akafoka Pimbi mkubwa. "Bi Tunu ametuzalishia wake zetu wote, leo unatukataza kumlilia?"

"Sikukatazi, mzee wangu. Naomba kimya cha pumzi kumi tu, tusikilize."

Wakamfukuza kwa mawe. Kisha wakazidisha kilio, asije mtu akasema hawakumpenda marehemu.

Siku ya tatu wakaanua matanga. Kimya kilipotanda, wote wakasikia kutoka chini ya mawe: ko, ko. Baadaye ko moja tu. Kisha basi.

Wakafukua mpaka vidole vikatoka damu. Walimkuta Bi Tunu bado ana joto, lakini hapumui. Mkononi alishika kijiwe alichokuwa akigongea. Kilikuwa kimelika, kimebaki kama punje ya mtama.

Pimbi mkubwa akafumbua kinywa, sauti isitoke. Fuko alikuwa amerudi, amesimama kando.

"Sasa lieni," akasema. "Sasa hakuna wa kumsikiliza."