Kitanda Kilichoinuliwa

Bi Mwanakheri alimkuta mumewe hospitalini, anayepumulia mashine, ameinuliwa kama aliyeketi. Akamwonea huruma, akazungusha mpini wa kitanda na kukilaza ili apumzike. Nesi Tunu akaja mbio, akakiinua tena.

"Mama, akilala chali mate yatateremka mapafuni. Nimonia itammaliza kabla ya ugonjwa wenyewe."

"Nimemuua, mwanangu?"

"Sijui bado. Kwanza nisaidie." Tunu aliyavuta mate kwa mrija, kisha akampa Bi Mwanakheri kitambaa chenye dawa. "Msafishe kinywa, taratibu."

Bi Mwanakheri alikizungushia kidole kitambaa, akakipitisha pembeni mwa bomba la kupumulia lililoingizwa kinywani, akasugua fizi, meno, ulimi. Ndipo midomo ya mumewe ikajifumba kidogo, ikakibana kidole chake, naye hakuthubutu kukitoa.