Saizi Ileile

Bibi alibaki kwenye benchi nje ya duka. Mambo ya sidiria, alisema, yalishampita. Mama akaingia na binti yake, aliyekuwa akinunuliwa ya kwanza maishani.

Mwenye duka alimpima mtoto, kisha akatupia jicho bega la mama. Mkanda ulikuwa umechimba mfereji mweusi.

"Na wewe inua mikono."

"Yangu naijua, dada. Ni ileile tangu nimwachishe huyu ziwa."

"Inua tu."

Futi ikazunguka. Mwenye duka akaguna, akaleta sidiria ya saizi nyingine kabisa.

Mama alipoifunga, mabega yalishuka yenyewe. Akavuta pumzi ikafika mwisho. Akainama, akanyooka, akainama tena, hakuna kilichombana.

"Mama, vipi?"

"Kamwite bibi yako," akasema taratibu. "Mwambie hayajampita."