Injini Iliyonyimwa Kibali

Majambazi wawili walikuwa wameshatoka Witbank, Afrika Kusini, na lori letu, dereva mwenzangu Mafika akiendesha huku bastola imemgusa sikio, mimi nimelala sakafuni natema meno. Kidude chao cha kuziba mawasiliano kilimulika juu ya dashibodi.

Lori likaanza kuishiwa nguvu.

"Kanyaga mafuta, mzee," akasema mwenye bastola.

"Nakanyaga. Injini hii huomba kibali kipya mtandaoni kila saa, na mmeziba njia. Zimeni hicho kidude, itaendelea."

"Tuzime ili kampuni yenu ituone? Unatuona mabwege?"

"Basi shukeni mkasukume, wanangu."

Jamaa alicheka kwanza, halafu akamfyatulia Mafika risasi.

Lori lilizimika palepale.

Mafika tulimzika Belfast, mji ulio mbele kidogo kwenye barabara hiyo. Mwenye bastola alikimbilia mashambani, akachomwa moto na watu wa huko. Mwenzake yuko jela. Lori lina dereva mwingine.