Kitambaa Kwenye Njia Iliyofungwa

Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye tawi, hatua tatu kabla ya genge, na fundo lilikuwa langu. Mimi ni fundi cherehani. Sisi tunaojitolea kutunza msitu huwaonyesha wageni njia kwa vipande vinavyobaki dukani kwangu.

Chini ya genge, wenzangu walikuwa wanaufunika mwili wa mwalimu mstaafu tuliyemtafuta siku mbili.

Mvua ilipoimega njia hii mwezi uliopita, tuliifunga, nikatumwa kuondoa vitambaa vyote. Nilianzia mwanzoni. Nilipofika nusu, magoti yakagoma. Nikarudi kibandani kwetu, nikatia sahihi daftarini kwamba nimemaliza. Nani angefika huku? Sikumfikiria mtu aliyepotea, anayekiona kitambaa chekundu katikati ya msitu na kudhani ameokoka.

Fundo lilikuwa limelowa. Nililing'ata mpaka likalegea, nikakisokomeza kitambaa mfukoni.

Kiongozi wetu alipanda akihema, nyuma yake mtoto wa mwalimu, mtu mzima mwenye mvi.

"Baba hakuwa mtu wa kukatiza ovyo," alisema. "Akiona alama, anaifuata."

Kiongozi akanigeukia. "Fundi, alama za huku si uliziondoa zote?"

Mdomoni nilikuwa bado na ladha ya rangi ya kitambaa.

"Zote, dada."

Kiongozi aliitikia kwa kichwa. Mtoto wa mwalimu alikuwa ameinua macho kwenye mti wa nyuma yangu, ambako kitambaa kingine kilikuwa kinapepea.